Jambia la juu ya meko: zawadi, ngawira, au mali ya watu?

"Shikamoo mtaalamu. Nafanya kazi ya kutunza wazee huku Uingereza, mwaka wa sita sasa. Babu ninayemhudumia ana miaka 91. Sebuleni kwake, juu ya meko, kuna jambia la Kihindi lenye kipini cheupe na ala ya mahameli iliyochakaa. Anasema babu wa babu yake alikuwa ofisa wa jeshi la Kampuni ya Uingereza ya India Mashariki, na jambia alipewa huko Mysore, kusini mwa India. Mwezi uliopita mimi na mwanawe tulimpeleka London kwenye makumbusho ya Victoria and Albert. Tukamwona yule chui milia wa mbao anayemtafuna Mzungu, na kiti cha dhahabu cha mfalme wa Punjab. Kurudi, babu alinyamaza njia nzima. Sasa anasema hataki kufa na lile jambia. Mara anataka lirudishwe India, mara ananiambia nilichukue mimi, eti 'wewe unatoka huko huko'. Mimi natoka Tanga! Mwanawe anasema vitu vile vilitolewa zawadi, tena kwa mikataba halali, hata ile almasi ya Koh-i-Noor. Ni kweli? Kama si kweli, mbona havirudishwi? Na hili jambia nifanyeje?"

Marahaba, mwanangu. Hapo pa "huko huko" nilicheka peke yangu, halafu nikamhurumia babu. Alichokiona kwenye kabati la kioo ni ndugu wa kitu alichokizoea ukutani tangu utotoni, ila cha London kina maandishi pembeni na cha kwake hakina. Nianze na kauli ya mwanawe, maana mengine yote yamejishikiza hapo.

Koh-i-Noor haikuwa zawadi. Kwamba imo mkatabani ni kweli. Kifungu cha tatu cha Mkataba wa Lahore wa tarehe 29 Machi 1849 kinasema jiwe hilo, ambalo Maharaja Ranjit Singh alilichukua kwa Shah Shuja wa Afghanistan, litasalimishwa na Maharaja wa Lahore, yaani mfalme wa Punjab, kwa Malkia wa Uingereza. Litasalimishwa, kama silaha zinavyosalimishwa. Na huyo Maharaja alikuwa nani? Duleep Singh, mtoto wa miaka 10. Baba yake, Ranjit Singh, alifariki 1839 mtoto hajatimiza mwaka. Mama yake, Rani Jindan, alikuwa ameshatenganishwa naye na kuwekwa kizuizini. Jeshi lake lilikuwa limeshindwa vita ya pili na Waingereza, na mjini wamejaa askari wa Kampuni ya Uingereza ya India Mashariki. Kwetu mtoto wa umri huo hata mbuzi hawezi kumuuza pasipo mkubwa wake, sembuse ufalme.

Tena Lord Dalhousie, Gavana Mkuu aliyelisimamia jambo hilo, aliandika mwaka ule ule kwamba heshima ya Malkia ni kubwa zaidi jiwe likitoka moja kwa moja mkononi mwa mtawala aliyeshindwa kuliko akiletewa na kampuni ya wafanyabiashara kama zawadi, kwa kuwa zawadi ni hisani. Mchukuaji mwenyewe, basi, alihakikisha haliwi zawadi. Lilifikishwa kwa Malkia Victoria mwezi Julai 1850.

Hadithi ya zawadi inapata nguvu kutoka tukio la 1854. Duleep Singh alikuwa London, ana miaka 15, ameshabatizwa, anaishi kwa posho ya waliomshinda. Siku moja kwenye kasri la Buckingham, alipokuwa akichorwa picha na mchoraji Winterhalter, Malkia akamwonyesha jiwe. Akalipeleka dirishani kwenye mwanga, akalitazama kwa muda mrefu, kisha akamrudishia Malkia kwa mkono wake. Wapo wanaosema hapo ndipo alipolitoa kwa hiari. Mimi nauliza: kijana yule angefanya nini kingine, alitie mfukoni?

Lakini usimkalie vikali mwanawe. Mwaka 2016 wakili wa serikali ya India mwenyewe alisimama mbele ya Mahakama Kuu Kabisa ya nchi yake akasema jiwe halikuibwa wala kuchukuliwa kwa nguvu. Ghasia iliyofuata ikailazimisha serikali kubadili kauli siku chache baadaye. Ikiwa Delhi kwenyewe walijikwaa hapo, mwana wa babu tumsamehe.

Sasa chui milia. Njia aliyopitia ni tofauti, na ndiyo inayokuhusu zaidi wewe na hilo jambia.

Tarehe 4 Mei 1799 majeshi ya Kampuni yaliuvamia mji wa Srirangapatna, makao ya Tipu Sultan wa Mysore. Tipu aliuawa siku hiyo hiyo. Usiku ule askari walipora nyumba kwa nyumba, mpaka kanali kijana, Arthur Wellesley, akaurudisha utulivu kwa kuwanyonga wengine na kuwachapa viboko wengine. Kisha ikaanza kazi ya makaratasi, na hapo ndipo watu wengi wasipopajua. Jeshi lilikuwa na kamati ya ngawira. Mawakala wake walikusanya mali ya kasri, wakaithamini, wakaipiga mnada pale pale, na fedha zikagawanywa kwa vyeo: jenerali fungu nono, askari wa kawaida makombo. Kwa hiyo ofisa aliweza kurudi kwao na jambia la kasri pamoja na risiti. Wajukuu wakisema "alilinunua", hawasemi uongo. Alilinunua kwa muuzaji aliyelipata jana yake kwa bunduki. Kwa kanuni za jeshi la wakati ule haikuwa wizi, na anayetetea makumbusho leo hupenda kuishia kwenye sentensi hiyo. Ila kanuni zile alizitunga mshindi. Hakuna mtu wa Mysore aliyeulizwa.

(Na kwa taarifa yako, neno la Kiingereza la kupora, "loot", lenyewe limetoka Kihindi. Walibeba hadi neno.)

Kiti cha enzi cha Tipu, kilichopambwa kwa vichwa vya chui vya dhahabu, kilikutwa na balaa la haraka hiyo. Gavana Mkuu wa wakati huo, Richard Wellesley, kaka yake Arthur, alitaka kipelekwe kizima kwa mfalme wake. Alichelewa, mawakala walikuwa wameshakikatakata wapate kugawana dhahabu. Kichwa kikubwa cha chui kiko Windsor, kimoja kati ya vile vidogo kiko Powis Castle huko Wales, na kingine kidogo kilipotaka kuuzwa nje mwaka 2021 serikali ya Uingereza ilizuia kwa muda kisitoke nchini, bei yake pauni milioni 1.5, kwa hoja kwamba ni sehemu ya historia ya Uingereza. Soma tena sentensi hiyo taratibu.

Chui wa mbao alinusurika kwa sababu hakuwa na dhahabu ya kukwangua. Ana urefu wa karibu mita 1.8, na tumboni amewekewa kinanda cha upepo. Mpini wa ubavuni ukizungushwa, chui hukoroma, na Mzungu aliyelaliwa huinua mkono na kulia. Tipu alimweka kwenye chumba cha muziki. Kule London Kampuni ilimweka kwenye jumba lake la Leadenhall Street, watu wakawa wanakuja kuuzungusha ule mpini mchana kutwa hadi wasomaji wa maktaba jirani wakalalamikia kelele. Wakati wa Vita ya Pili ya Dunia dari lilimwangukia akavunjika vipande vipande, akaunganishwa upya. Leo yuko nyuma ya kioo, kimya. Kitu kilichotengenezwa kumdhihaki Mwingereza kikawa mchezo wa watoto wa Kiingereza. Sijui kama upo ushindi wa vitani unaozidi huo.

Kumbuka pia jina la yule kanali kijana. Arthur Wellesley ndiye aliyekuja kuwa Duke wa Wellington. Mwaka 1852 Koh-i-Noor ilipoonekana haing'ai vya kutosha kwa macho ya Kizungu (kwenye maonyesho makubwa ya 1851 watu walipanga foleni wakaondoka wamenuna), iliamuliwa ikatwe upya, na aliyealikwa kuanza mkato wa kwanza ni yeye, mzee wa miaka 83. Jiwe likapungua kutoka karati 190 hivi hadi 105.6. Kwa hiyo hata India ikirudishiwa kesho, haitarudishiwa jiwe lililochukuliwa Lahore.

Sasa nikurudishe upande wa pili kidogo, maana baada ya kusikia haya watu huona kila kitu cha India kilichopo London kimeporwa. Sivyo. Vingine viliagizwa kwa mafundi na kulipiwa, vingine vilinunuliwa sokoni. John Forbes Watson, mtumishi wa makumbusho ya India huko London, mwaka 1866 alitoa majuzuu 18 yenye vipande 700 vya vitambaa vya India, ili viwanda vya Uingereza vijue Wahindi wanapenda kuvaa nini na viwauzie. Huko hakukumwagika damu, ingawa mfumaji wa India angekuwa na lake la kusema. Ndiyo sababu sipendi swali la jumla, "vimeibwa au la?" Kila kitu kina njia yake, na njia hiyo ndiyo kazi yetu sisi wa daftari, tunaoandika kumbukumbu za vitu vya makumbusho.

Ukirudi makumbusho siku nyingine, soma kitenzi kwenye kibao cha maelezo. Nimekaa na daftari za namna hii zaidi ya miaka 20, na kitenzi ninachokihofia kuliko vyote ni "kilipatikana". Kilipatikana! Kama embe lililodondoka usiku. Kikiandikwa "kilichukuliwa baada ya kutwaliwa kwa Srirangapatna", mwandishi amefanya kazi yake. Maonyesho mapya ya vito vya ufalme kwenye Mnara wa London, yaliyofunguliwa Mei 2023, angalau sasa yanaieleza Koh-i-Noor kuwa alama ya ushindi wa kivita. Na mwezi huo huo Malkia Camilla alitawazwa kwa taji lisilokuwa na jiwe hilo. Hawajalirudisha, lakini wameona haya kulivaa.

Mbona havirudishwi? Wengi hudhani ni kiburi cha wakurugenzi. Kiburi kipo, lakini kizuizi cha kwanza ni sheria. British Museum imefungwa na sheria ya mwaka 1963, na Victoria and Albert imefungwa na ya 1983. Zote mbili zinakataza wadhamini kutoa kitu kwenye mkusanyo isipokuwa kwa sababu chache mno, kwa mfano kama ni nakala ya kingine au hakifai tena kuhifadhiwa. Hata mkurugenzi akiamka asubuhi anataka kurudisha, hana mamlaka. Tristram Hunt wa Victoria and Albert amesema hadharani kwamba sheria inayowabana inahitaji kutazamwa upya. Bunge lilipopitisha sheria mpya ya mashirika ya hisani mwaka 2022, ilionekana mlango umefunguka wa kurudisha vitu kwa sababu za kimaadili, lakini serikali ikahakikisha vifungu hivyo haviyagusi makumbusho ya taifa. Sisi wenyewe ni waathirika: ngadji, ngoma takatifu ya Wapokomo wa Mto Tana iliyochukuliwa na maofisa wa kikoloni mwaka 1902, imezuiwa British Museum na sheria hiyo hiyo. Nao mkataba wa UNESCO wa 1970 wa kuzuia biashara haramu ya mali za kitamaduni, ambao watu huutaja kama rungu, haurudi nyuma kugusa ya 1799 wala 1849. Vito vya taji navyo si mali ya makumbusho yoyote. Mfalme anavishika kwa niaba ya taifa, kwa hiyo Koh-i-Noor ni suala la serikali kwa serikali.

Njia inayotumika badala yake ni kuazima. Mwaka 2024 Victoria and Albert ililiazima jimbo la Maharashtra, India, zile kucha za chui za chuma zinazohusishwa na Shivaji, mfalme wa Wamaratha, kwa miaka mitatu, na watu wa mji wa Satara wakazipokea kwa shangwe, ingawa makumbusho yenyewe husema haina uhakika kama ndizo alizotumia. Azima si haba, watoto wamekiona kitu kwao. Lakini kwa lugha yetu jambo hili linachekesha: anayeazimwa anakiri kwamba kitu si chake.

Makumbusho yasiyo ya taifa yana mkono mwepesi. Glasgow ilisaini Agosti 2022 kurudisha vitu 7 India, vingi vikiwa vimeng'olewa kwenye mahekalu karne ya 19. Chuo Kikuu cha Oxford kilikubali Machi 2024 kurudisha sanamu ya shaba ya mtakatifu Tirumankai Alvar, iliyonunuliwa mnadani 1967, baada ya picha ya mwaka 1957 kuonyesha sanamu hiyo ikiwa bado hekaluni Tamil Nadu. Picha moja tu.

"Wairudishe kwa nani?" Mwanawe atakuuliza hilo, na si swali la kijinga. Lahore leo iko Pakistan, na Zulfikar Ali Bhutto aliidai Koh-i-Noor mwaka 1976. India imeidai tangu uhuru. Taliban waliidai mwaka 2000, kwa sababu Shah Shuja alikuwa mtawala wa Afghanistan, na babu yake aliipata baada ya kuuawa Nader Shah wa Uajemi, aliyeipora Delhi mwaka 1739. Kwa jiwe hilo sina jibu safi, na anayekuambia analo anakuuzia kitu. Ninachokataa ni kulitumia jiwe moja gumu kama pazia la kufunika maelfu mepesi. Kiti cha dhahabu mlichokiona, kazi ya sonara Mwislamu Hafez Muhammad Multani kwa mfalme Kalasinga (Sikh), kilichukuliwa kwenye hazina ya Lahore na njia yake inajulikana. Na mwenye mali si lazima awe serikali: mwaka 1991 Mahakama ya Rufaa ya Uingereza ilikubali kwamba hekalu la Pathur, ambalo ni magofu, linaweza kudai sanamu yake ya Shiva, na sanamu ikarudi India. Wazungu wengi walishangaa. Mtu wa Tanga anayejua wakfu wa msikiti hashangai.

Tuje kwenye jambia. Kwanza nimepiga hesabu. Babu alizaliwa kama 1934. Babu wa babu yake yuko ngazi nne juu. Ili awe na miaka 20 vitani Srirangapatna, kila baba katika ngazi hizo alipaswa kukaribia miaka 40 alipozaa. Inawezekana, kwa shida. Ukihesabu miaka 30 kwa kila ngazi, ofisa huyo alizaliwa kama 1814, na vita vyake vinaelekea kuwa vya Punjab, 1845 hadi 1849. Hapo jambia linahama kutoka Mysore kwenda Lahore, kutoka jimbo la Karnataka, ilipo Mysore leo, kwenda kwenye mzozo wa India na Pakistan. Au familia ilimruka mtu mmoja katika kusimulia. Au jambia lilinunuliwa dukani Calcutta na Mysore ikaongezwa baadaye kunogesha. Nimeyaona yote matatu.

Kwa hiyo usilirudishe popote bado, na usilichukue wewe. Najua babu anakupenda, lakini waajiri wengi wa kazi yako hukataza kupokea kitu cha thamani kwa unayemtunza, na babu akishafariki, mtu wa kwanza kuulizwa jambia liko wapi ni wewe. Mwambie mwajiri wako leo, kwa maandishi, kwamba babu amelitaja na wewe umekataa. Kama kuna mtu aliyepewa kisheria mamlaka ya kusimamia mambo ya babu, uamuzi wowote upitie kwake.

Usilisugue. Najua kwetu shaba hung'arishwa kwa limau na majivu, hilo liache. Mabamba ya visu vya India mara nyingi ni chuma chenye mawimbi madogo kama maji ya ufukweni asubuhi, na msuguo mmoja unayafuta daima. Lipige picha pande zote, na ndani ya ala kama kuna karatasi usiivute. Usiiweke picha mtandaoni. Na tafadhali usilitie kwenye mkoba ukapanda nalo basi kwenda kuuliza: kubeba kisu hadharani huko bila sababu ya msingi ni kosa la jinai, na polisi hatakusikiliza habari za Tipu.

Hapa ndipo ushauri wa kuandikiana unapokomea. Kipini cheupe huenda ni mfupa, au pembe ya ndovu, au jino la mnyama wa baharini, na kwa picha siwezi kukuambia. Kama ni pembe ya ndovu, tangu Juni 2022 kuliuza bila kupata ruhusa maalumu ni kosa. Mwanawe aombe miadi na mtaalamu wa silaha za Asia. National Army Museum pale Chelsea ni pa kuanzia. Rekodi za maofisa wa Kampuni ziko British Library, St Pancras, na jina la ofisa pamoja na kikosi chake yatamaliza ubishi wa Mysore au Punjab. Njia ikishajulikana, na bado babu anataka lirudi, waandikie ubalozi wa India London wakiwa na wakili, wala wasilitume kwa posta. Watu binafsi wameweza: mwaka 2014 daktari mmoja mstaafu wa Wales alibeba mwenyewe vitu viwili vya shaba alivyorithi hadi Benin City, Nigeria, akavikabidhi kwa Oba, mfalme wa huko.

Hayo yote yatachukua miezi, na babu ana miaka 91. Kazi yako wewe ni ya wiki hii. Chai ikishamiminwa, mwombe ruhusa, washa simu umrekodi. Muulize nani alimsimulia habari za jambia, wapi, yeye akiwa na umri gani, na msimulizi alitumia neno lipi: alipewa, alinunua, au alichukua.